Barua ya Kabambare Lazima Ipite kwa Mukubwa

Kwetu barua haitembei peke yake. Ukitaka kumuandikia mukubwa aliye mbali, barua yako inapitia kwanza kwa mukubwa wako wa karibu, naye anaandika pembeni "nimeona," anagonga muhuri, ndipo inaendelea. Na mukubwa wa mbali akimuandikia mudogo, inapitia palepale. Nilizaliwa Kasongo nikakuta ni hivyo. Nilijifunza kupiga mashine ya kuandikia kwa masista nikakuta ni hivyo, na miaka tisa nilipokuwa karani wa parokia nilichapa ule mustari wa "kwa kupitia Bwana Fulani" mpaka nikauota. Sikuona ubaya. Karatasi ilikuwa inatembea kwa baiskeli, inafika juma lijalo, nani alikuwa na haraka?

Ubaya niliuona siku nilipoambiwa niifundishe mashine heshima hiyo.

Jina langu Arlette. Kazini wananiita Mama Pilipili, na wanafikiri sijui. Bwana yangu Jean-Marie, mwalimu wa shule ya misioni, anasema nikikasirika hata kuku wanahama uwanja. Muongo huyo. Kuku wanahama sababu ninawatupia kiatu. Ninatumika katika shirika dogo la afya, lenye ofisi kubwa hapa Kasongo na ofisi ndogo kule Kabambare. Miaka minne iliyopita wafadhili walituletea seva, yaani ordinateur, kompyuta isiyolala, inayopokea barua-pepe zote za shirika na kumugawia kila mutu zake. Mutu aliyetakiwa kwenda Bukavu kuisomea alishikwa na malaria juma lilelile la safari. Wakubwa wakatazamana, wakasema, "Si Arlette anajua kuchapa?" Basi nikaenda miezi mitatu, nikamuachia Jean-Marie watoto wanne na shamba la mupunga lililokuwa tayari kuvunwa. Nilirudi fundi wa seva, na nusu ya mupunga ilikuwa imeliwa na ndege.

Kazi yenyewe haina uchawi. Ndani ya seva kuna orodha ya majina. Kushoto unaandika jina la cheo, kulia unaandika mutu anayepaswa kupata barua. Lile jina la kushoto linaitwa alias. Ukiandika kushoto "kabambare" na kulia "souleymane," basi yeyote duniani akiandikia kabambare, barua inaangukia kwa Souleymane, muuguzi anayeongoza ofisi yetu ya kule. Kesho Souleymane akihamishwa, unabadilisha kulia tu, na dunia haina haja ya kujua. Nilipanga vile siku ya kwanza, nikajisifu sana.

Siku ya tatu akaniita Christophe, coordinateur wetu, mukubwa wa ofisi zote mbili. Nilimukuta amesimama, na Christophe hasimami bure.

"Arlette, nasikia barua za Kabambare zinapita juu ya kichwa yangu."

"Hazipiti juu, Chef. Zinaenda moja kwa moja."

"Hiyo njo kupita juu ya kichwa!"

Nikamueleza kwamba ninaweza kuandika majina mawili kulia, lake na la Souleymane, wote wapate barua ileile dakika ileile. Alinitazama kama nimemutukana mama yake.

"Kopi? Miye nipewe kopi? Kopi iko ya mudogo, ya kumuarifu tu. Barua inakuja kwangu, ninaiona, kisha miye ninamutumia Souleymane. Andika vile."

Nilijua ni ujinga. Lazima niseme kwa kinywa changu, maana baadaye watu walinionea huruma na sikustahili. Nilijua, na niliandika:

kabambare: coordinateur

Tangu siku hiyo barua za Kabambare zikawa zinalala kwa Christophe siku mbili, siku tatu, mpaka azikumbuke. Souleymane alizoea. Alikuwa ananipigia simu akicheka: "Dada Arlette, barua yangu bado iko inatafutiwa muhuri?" Mimi sikucheka hata mara moja.

Tena kuna kisanduku kingine ndani ya seva, cha mwenye mashine. Seva ikishindwa kufikisha barua, inaandika malalamiko yake mule. Nilitaka malalamiko hayo yaje kwangu, ni mustari mumoja tu. Lakini Christophe alikwisha kutoa amri kwamba kubadilisha jina lolote kunahitaji karatasi yenye mukono wake. Hiyo karatasi nilimuwekea mezani mwezi wa tano. Mwezi wa nane ilikuwa bado pale, imefunikwa na sahani ya kikombe cha chai. Ningeweza kukifungua kile kisanduku mwenyewe kila asubuhi, na mwanzoni nilifanya hivyo. Kisha hasira ikanipanda. Nikasema, kama hawataki nijue, basi nisijue. Nikaacha kukifungua.

Sasa nisikilize juu ya mutoto.

Mwezi wa saba tulipata habari kwamba waganga wa macho kutoka Bukavu watakuja Kasongo mwezi wa tisa. Watu wazima wangewatibu juma zima, lakini watoto siku tatu tu, Jumatatu mpaka Jumatano, sababu mutoto lazima alazwe usingizi na muganga wa usingizi alikuwa na siku hizo tu. Souleymane akapeleka majina saba ya watoto wa Kabambare. Wangechagua watatu. Wangeandika kwa kabambare, na sisi tujibu ndani ya siku tano kwamba watoto watakuja. Tusipojibu, nafasi wanapewa wengine.

Katika wale saba alikuwamo Sarah-Grâce, binti ya Fidèle, mukulima wa Lusangi. Ana miaka mitano. Alizaliwa na mutoto wa jicho, macho yote mawili, ule utando mweupe tunaouona kwa wazee. Anajua kama ni muchana, anajua kama mutu amesimama mulangoni, basi. Souleymane alinieleza kwa simu maneno ya waganga: jicho la mutoto likikaa sana bila kuona, hata ukiutoa ule utando kichwa kimekwisha kukataa kujifunza.

"Miaka mitano yenyewe ni kuchelewa, Dada," akasema. "Huyu hana mwaka mwingine wa kungoja."

Mwisho wa mwezi wa nane Christophe akachukua likizo ya majuma matatu, kwenda Kindu kuozesha binti yake. Mukubwa akiondoka anaacha interimu, mutu wa kukalia kiti. Interimu akaipata Souleymane, maana ndiye anayemufuata kwa cheo. Asubuhi ya Jumatatu pikipiki ilikuwa inanguruma uani, mukoba umekwisha kufungwa kwa mipira, na Christophe akaniletea karatasi. Ilikuwa na mukono wake na mihuri miwili: barua zote za coordinateur zipelekwe kwa kabambare.

"Chef, niandike jina la Souleymane?"

"Andika kama ilivyo kwa karatasi. Interimu iko ya cheo, haiko ya mutu."

Nilikuwa nimefura. Yake ilitiwa mukono dakika moja huku dereva anampigia honi, yangu imekunywa chai miezi mitatu! Nikasema moyoni, weye unataka kama ilivyo, utapata kama ilivyo. Nikachapa bila hata kutazama mistari ya juu:

coordinateur: kabambare

Isome pamoja na ile ya kwanza. Barua ya Kabambare inaenda kwa coordinateur. Ya coordinateur inaenda Kabambare. Ni kama wazee wawili wenye adabu mulangoni: pita weye, hapana, pita weye. Seva inahesabu ile mizunguko, inachoka, inaitupa barua nje. Kisha inamuandikia aliyeituma kwamba imeshindikana. Na barua za waganga zilikuwa zinatumwa na mashine yao ya Bukavu, kwa anwani isiyosomwa na mutu.

Siku kumi na moja barua zilitupwa vile, na hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo ninaposhikwa na hasira mpaka leo. Christophe alikuwa Kindu, simu yake haileti barua hata moja, akafurahi. Alipiga kuniambia, "Souleymane anatumika muzuri sana, sijasumbuliwa!" Souleymane alikuwa Kabambare haoni kitu, akasema Chef amekalia barua kama kawaida, hata arusini. Na mimi niliona wakubwa wawili wametulia, nikasema afadhali, nipumzike. Tungekuwa watu wasiozoea kuchelewa, siku ya pili tu mumoja wetu angepiga kelele.

Alhamisi ya juma la pili Souleymane alinipigia. Hakucheka.

"Dada Arlette, wale wa macho hawajachagua mpaka leo? Jumatatu wanaanza. Fidèle iko hapa mbele yangu. Ametoka Lusangi kwa miguu mara ya tatu sasa."

"Barua itakuwa kwako, si weye ndiye mwenye interimu?"

"Kwangu? Kwangu hakuna kitu tangu Chef aende!"

Nikamuambia angoje, nikafungua kile kisanduku cha malalamiko, cha mwenye mashine, nilichokisusia. Malalamiko arobaini na moja. Nikayashuka moja moja mpaka nikaiona: Jumatano ya juma lililopita, kutoka kwa waganga wa macho, kwa kabambare, imezunguka kupita kiasi, imetupwa. Siku tano za kujibu zilikuwa zimekwisha Jumatatu. Nikaitazama ile mistari yangu miwili. Mungu wangu! Hata mwanafunzi wa siku moja angeiona.

Sikuomba karatasi kwa mutu. Nilifuta mistari yote miwili, nikaandika kabambare ni Souleymane, coordinateur wakati wa interimu ni Souleymane, na malalamiko ya mashine ni Arlette. Dakika mbili. Kitu kilichokosa mukono wa Chef miezi mitatu kilinichukua dakika mbili.

Kisha nikapiga simu Bukavu, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mutu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikampata muganga mumoja mwanamuke, sauti yake imechoka.

"Mama, Kabambare hamukujibu," akasema. "Jumanne nafasi zenu tatu nimewapa watoto wa sehemu nyingine. Wako njiani tayari."

Nikamueleza kosa liko letu, liko la mashine. Nikasema la mashine! Hata pale nilitafuta mutu wa tatu wa kumubebesha.

"Nitakutumia barua ileile uione," akasema. "Kama muzazi anaweza, alete mutoto, angoje. Mumoja akikosa kuja, tutamuingiza. Siahidi kitu."

Barua ikaingia baada ya nusu saa, ikafika vizuri kabisa. Majina matatu. La kwanza lilikuwa la Sarah-Grâce.

Nilimupigia Souleymane nikamuambia nafasi zimekwisha, lakini Sarah-Grâce na wenzake wawili, niliomutajia majina, waje wangoje. Akauliza kwa nini zimekwisha. Nikasema mutandao unakatika, tutaongea. Ndiyo, mimi Mama Pilipili nilisema vile. Wazazi wawili walijibu hawawezi kulala njiani siku mbili juu ya "labda," na siwalaumu. Fidèle peke yake alikuja.

Walifika Jumapili jioni, matope mpaka magotini. Mvua iliwashika, mara nne dereva aliwashusha, Fidèle akambeba binti mugongoni huku pikipiki inasukumwa. Jean-Marie aliwapokea kwetu, sababu nilimuambia watakaa kwetu na asiniulize. Sarah-Grâce alikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, kisha akaanza kuizunguka nyumba kwa mikono yake: ukuta, meza, ndoo, sura ya kila mutoto wangu. Baada ya saa moja alikuwa anatembea humo ndani kama amezaliwa humo.

Jumatatu walikaa barazani pa hospitali kutoka asubuhi. Watoto wote walioandikwa walikuja. Jumanne vilevile. Nilikuwa ninawapelekea chakula muchana, na kila nikifika ninahesabu watoto, ninaomba mumoja apungukie. Ee Mungu unisamehe, nilikuwa ninaomba mutoto wa mutu augue homa.

Jumanne hiyohiyo Christophe alirudi, amekatisha likizo. Souleymane alikuwa amekwisha kumuuliza kwa simu barua zake zilipotelea wapi, na alikuja ameelewa sehemu yake katika kosa. Alinikuta mezani na karatasi mukononi. Ilikuwa demande d'explication, ile karatasi inayomutaka mutumishi ajieleze kwa nini asiadhibiwe. Nijibu ndani ya saa arobaini na nane, kwa kupitia coordinateur.

"Nikuandikie weye, kwa kupitia weye?" nikamuuliza.

"Huo njo utaratibu."

Kisha akafunga mulango, akapunguza sauti. "Na yule baba wa Lusangi, usimuambie kitu. Muambie mutoto hakuchaguliwa. Watoto walikuwa saba, nafasi tatu. Iko vyepesi kwa kila mutu."

"Kwa kila mutu?"

"Kwa yeye pia, Arlette. Fikiri vizuri."

Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba katika hilo hakuwa amesema ujinga. Nilifikiri njia nzima. Jean-Marie nilimueleza yote, akasema, "Ukimuambia unatua weye muzigo, unamutwika yeye." Nikataka kumutupia kiatu.

Jumatano saa tisa mutoto wa mwisho aliingizwa, na yule muganga mwanamuke akatoka kututafuta. Alimupima Sarah-Grâce kwa taa, jicho moja, jicho la pili, bila haraka. Akamuambia Fidèle kwamba muganga wa usingizi anaondoka na gari la jioni. Akamuambia kuna Bukavu, wakipata njia ya kufika. Fidèle akaitika "ndiyo, muganga," kama mutu anayeambiwa kuna mwezini. Akauliza kama mwaka ujao watarudi. Muganga akasema huenda, lakini kwa huyu sitakudanganya, mwaka ujao jicho litafunguka na labda asione nalo. Kisha akashika bega la Fidèle, akarudi ndani.

Fidèle alianza kukunja mukeka wao. Alikuwa mutulivu, na utulivu ule uliniuma kuliko kama angenipiga.

"Aksanti, Mama Arlette," akasema. "Mulitupokea vizuri. Na usijiumize moyo. Nyumbani tulilia siku ileile majina yalipokosa kuja, tukamaliza. Mungu hakupenda tuchaguliwe. Na wale waliochaguliwa ni watoto wa watu pia."

Ningeweza kuitika amina, nimusindikize kwa pikipiki. Sentensi ya Christophe ilikuwa tayari kinywani, fupi, imepigwa pasi.

"Alichaguliwa," nikasema.

Akaendelea kukunja mukeka. Nikasema tena. Nikamueleza barua ilifika lini, na jinsi nilivyoandika mistari miwili iliyoizungusha mpaka ikatupwa, na kwamba wa kwanza niliuandika huku ninajua ni ujinga, wa pili kwa hasira. Nilisema mimi. Sikusema mashine, wala Christophe. Nikatoa karatasi ndani ya mukoba, ile barua nilikuwa nimeichapisha tangu Alhamisi na kuibeba siku sita nikitafuta ujasiri.

Aliketi juu ya mukeka nusu umekunjwa. Hakunitazama.

"Kumbe walimuita," akasema.

"Walimuita, Baba Sarah."

"Walimuita, na siye tukawa kimya."

Akanyosha mukono, nikampa karatasi. Imeandikwa Kifaransa, naye hakusoma Kifaransa, akaniomba nimuonyeshe jina liko wapi. Nikaweka kidole changu juu yake, mustari wa kwanza. Akalitazama. Kisha akamuvuta binti yake kwenye magoti, akashika kidole chake kidogo, akakiweka pale nilipokuwa nimeweka changu.

"Iko hapa," akamuambia. "Waganga wa Bukavu waliandika jina yako. Ya kwanza kabisa. Huyu hapa njo weye."

Sarah-Grâce akaipapasa karatasi, kutoka pembe hadi pembe, kama alivyopapasa sura za watoto wangu. Akarudia pale mahali, taratibu, akageuza uso kwa sauti ya baba yake.

"Papa," akasema, "hapa hakuna kitu."